Waliotoka jela wakapokelewa kwa maua: Kesi ya Bilkis Bano na ukimya wa wengi India

Agosti 15, 2022. India inaadhimisha miaka 75 ya uhuru. Waziri Mkuu Narendra Modi anahutubia taifa kutoka Red Fort, Delhi, na kuwataka wananchi waachane na mambo yanayowadhalilisha wanawake.

Siku hiyohiyo, katika jimbo lake la Gujarat, wanaume 11 wanatoka jela mjini Godhra. Nje wanasubiriwa na watu wenye mashada ya maua na vitamutamu, utadhani maharusi.

Ni nani hao? Ni wafungwa wa maisha, waliopatikana na hatia ya kumbaka Bilkis Bano kwa kundi na kuua jamaa zake wakati wa ghasia dhidi ya Waislamu mwaka 2002. Bilkis alikuwa na miaka 21, mjamzito wa miezi mitano. Aliwapoteza ndugu 14, akiwemo binti yake wa miaka 3.

Hukumu yenyewe haikuja kirahisi. Polisi wa Gujarat walishafunga faili. Ikabidi Mahakama ya Juu iwape wapelelezi wa serikali kuu, CBI, kazi hiyo, na mwaka 2004 kesi ikahamishiwa Mumbai kwa sababu ya vitisho. Hukumu ikatoka 2008.

Hasira ilikwenda wapi?

Kumbuka Desemba 2012. Mwanafunzi alipobakwa ndani ya basi Delhi na baadaye kufariki, maelfu waliingia mitaani kwa siku kadhaa. Miezi michache baadaye, sheria ya ubakaji ikabadilishwa.

Mwaka 2022 maandamano yalikuwepo pia, na watu zaidi ya 6,000 walisaini barua kupinga msamaha ule. Lakini hii ni nchi ya watu bilioni 1.4. Wengi waliona picha za maua, wakaendelea na simu zao.

Desemba mwaka huohuo Gujarat ikapiga kura. Chama tawala, BJP, kikazoa viti 156 kati ya 182, rekodi ya jimbo hilo. C.K. Raulji, aliyekaa kwenye kamati iliyopendekeza wafungwa waachiwe na kuwasifu baadhi yao kuwa watu wa malezi mema, alirudishwa bungeni na wapiga kura wa Godhra.

Ni kweli, watu hupiga kura kwa mambo mengi: barabara, ajira, bei ya vitu. Ila hapo ndipo tatizo lilipo. Kutojali si lazima uwe na chuki. Inatosha tu kwamba jambo kama hili halimgharimu mwanasiasa hata kiti kimoja.

Wachache waliokataa

Kwa hiyo nani alisimama? Wanawake watatu ndio walioanza kwenda mahakamani: mwanasiasa Subhashini Ali, mwandishi wa habari Revati Laul na profesa mstaafu Roop Rekha Verma. Baadaye Bilkis mwenyewe naye akafungua shauri.

Januari 8, 2024, majaji wawili wa Mahakama ya Juu walifuta msamaha huo. Walisema Gujarat haikuwa na mamlaka ya kuutoa, kwa kuwa kesi ilisikilizwa Mumbai, jimbo la Maharashtra. Januari 21, wote 11 wakarudi jela.

Lakini tusishangilie haraka. Mahakama hiyohiyo ndiyo iliyosema Mei 2022 kuwa Gujarat inaweza kuamua. Yaani mlango ulifunguliwa na walewale walioufunga, na katikati hapo Bilkis aliishi mwaka mmoja na nusu wabakaji wake wakiwa huru.

Kwa jamii ya wachache, ambayo haiwezi kushinda kwa wingi wa kura, mahakama ndiyo sehemu ambayo idadi haipaswi kuhesabiwa. Ila mahakama haiamki yenyewe. Lazima kuwe na mtu wa kuigongea mlango, hata kama mtaa mzima umelala.

Baada ya hukumu, Bilkis alisema ametabasamu kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mmoja na nusu.