Maji ya cheche: mkulima apige hesabu kwanza

Bei ya mbolea ilipopaa mwaka 2022, wakulima wengi walianza kutafuta njia mbadala. Mojawapo inayotajwa ni maji ya plazima, yaani maji yaliyopigwa cheche za umeme wenye nguvu kubwa. Wanaoipigia debe husema mkulima atajitengenezea mbolea shambani kwake.

Jambo lenyewe si uongo. Ni kazi ileile ya radi: cheche huunganisha naitrojeni na oksijeni ya hewa, kisha mchanganyiko huo huingia majini na kuwa nitrati, ambayo ni chakula cha mmea. Humo pia huzaliwa haidrojeni peroksaidi, inayoua vijidudu.

Wala si jambo jipya. Kuanzia mwaka 1905, kampuni ya Norsk Hydro ilitengeneza mbolea kwa cheche mjini Notodden, Norwei, ikitegemea umeme nafuu wa maporomoko. Mwishoni mwa miaka ya 1920 iligeukia njia ya Haber na Bosch, inayotumia nishati kidogo zaidi.

Hesabu inaeleza sababu. Njia ya cheche ilikula takriban uniti 48 za umeme kwa kilo moja ya naitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, hivyo zinahitajika uniti kama 1,100. Uniti ikiwa shilingi 300, hizo ni shilingi 330,000. Mwaka 2022 mfuko wa urea ya ruzuku nchini Tanzania uliuzwa shilingi 70,000. Mashine ndogo za leo nyingi hula umeme zaidi ya huo.

Maji haya yanaweza kufaa zaidi katika kusafisha mboga na mbegu, ambako kiasi kidogo hutosha. Hata hivyo, nguvu yake hupungua yakiwekwa, kwa hiyo mfanyabiashara asidhani atayajaza kwenye chupa na kuyapanga dukani kama dawa.

Majaribio ni kazi ya vituo vya utafiti, si ya mkulima aliyekopa. Muuzaji wa mashine aulizwe mambo matatu: inakula uniti ngapi, inatoa kilo ngapi za naitrojeni, na maji yanadumu siku ngapi. Akishindwa kujibu, fedha zibaki mfukoni. Mali bila daftari huisha bila habari.