Ritifaa Haina Kosa

Watu wengi wanaotengeneza madaftari ya kompyuta wanaichukia alama moja ndogo ya maandishi, nayo ni ritifaa, ile inayokaa katika ng'ombe na ng'ambo. Wanaichukia kwa sababu inavuruga kazi yao. Mimi nasema ritifaa haina kosa. Kosa ni la namna tunayofundishwa kuiuliza hifadhidata maswali, na namna hiyo yafaa iachwe tangu somo la kwanza.

Msomaji asiyechukua somo la kompyuta asikimbie, maana jambo lenyewe si gumu. Hifadhidata ni kama daftari kubwa lenye safu na mistari, na lugha ya kuliuliza huitwa SQL. Lugha hiyo ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM, waliotoa habari zake mwaka 1974. Katika SQL, neno la mtu hutiwa kati ya alama mbili, moja mbele na moja nyuma, na alama hiyo ni ritifaa yenyewe. Hapo ndipo mgogoro uanzapo.

Mwanafunzi anayetaka alama za Okello hufundishwa kuunga maneno: kipande cha swali, kisha jina lililoandikwa kisandukuni, kisha alama ya kufunga. Swali huwa hivi: SELECT alama FROM matokeo WHERE jina = 'Okello'. Linajibiwa mara moja, na darasa zima hufurahi. Sasa na aje Wang'ombe. Swali lasomeka jina = 'Wang'ombe'. Seva yafika kwenye ritifaa iliyo katikati, yadhani jina limekwisha, yapata mtu aitwaye Wang, na mbele yake yakuta "ombe", neno ambalo haina habari nalo. Basi yakataa kazi. Kijana wa watu hakufanya neno ila kuandika jina alilopewa na wazazi wake.

Dawa inayotolewa mara nyingi ni kuipiga ritifaa marufuku. Nimeliona daftari moja la namna hiyo, linalomwambia mtu kwa maandishi mekundu kwamba jina lake lina herufi isiyoruhusiwa. Basi Wang'ombe awa Wangombe, na Ng'ang'a awa Nganga, kumbe katika lugha nyingi za Kibantu nganga ni mganga! Cheti cha kuzaliwa chasema hivi, cheti cha mtihani chasema vile, na mwenye jina abaki kuapa mbele ya wakili kwamba yeye ni yeye. Kwetu ritifaa si pambo. Ni sehemu ya herufi. Waganda wana herufi ŋ, lakini kwa kuwa haipatikani kwenye vibonye vya kawaida, wengi huandika ng' vilevile. Hata huko Ayalandi wako akina O'Brien na O'Neill.

Tena dawa hiyo haiponyi. Mtu mwenye hila akiandika kisandukuni x' OR '1'='1, seva husikia hivi: nipe mwenye jina x, au nipe kila mstari ambao moja ni sawa na moja. Moja ni sawa na moja siku zote, kwa hiyo hupewa daftari zima. Mtasema, ritifaa ikikatazwa si mlango umefungwa? Haukufungwa. Mahali panapotakiwa namba ya mwanafunzi hapana ritifaa hata moja; ataandika 5 OR 1=1, na mambo yatakuwa yale yale. Mwezi wa Oktoba 2015 kampuni ya simu ya Uingereza iitwayo TalkTalk iliingiliwa kwa kuchomekewa maneno ya SQL. Habari za wateja 156,959 zilichukuliwa, na 15,656 kati yao zilikuwa pamoja na habari za akaunti zao za benki. Mwaka 2016 kampuni ilitozwa faini ya pauni 400,000, ingawa kinga ilikuwa imejulikana miaka mingi.

Kinga yenyewe ni kutolichanganya swali na neno la mtu. Swali huandikwa likiwa na nafasi tupu: WHERE jina = $1 katika PostgreSQL, au alama ya kuuliza katika SQLite. Seva hulisoma kwanza na kulielewa. Ndipo jina linapopelekwa, peke yake, kama parameta. Kwa kuwa swali limekwisha kusomwa, chochote kitakachomo ndani ya jina ni jina tu, wala si amri. Wang'ombe hupata alama zake. Mwenye hila naye hutafutiwa mtu aitwaye x' OR '1'='1, naye hayumo darasani.

Wako wenzangu wanaosema kwamba viu na fankisheni zatosha. Viu ni swali lililopewa jina na kutunzwa ndani ya hifadhidata, kama dirisha. Naipenda sana, kwa maana yaweza kumwonyesha mwalimu alama bila kumwonyesha karo iliyobaki wala habari za zahanati. Lakini haipokei parameta. Anayeiuliza kwa maneno ya kuunga yuko palepale, ila hasara hupungua. Fankisheni hupokea parameta, na kwa hiyo ni bora zaidi, mradi ndani yake mtu asiunge maneno tena na kuyapa amri ya EXECUTE. Nimeona vitabu vinavyofanya hivyo, wakati neno USING lipo kwa kazi hiyo hiyo. Jina la jedwali haliwezi kuwa parameta. Hilo na lichaguliwe katika orodha aliyoiandika mtengenezaji mwenyewe.

Waalimu hutuambia kwamba kuunga maneno ni rahisi kwa wanaoanza, na parameta zitakuja baadaye. Kwa kweli parameta huongeza mstari mmoja tu, na hiyo "baadaye" kwa wengi wetu haifiki, kwani mtihani hupita na kitabu hufungwa. Ombi langu kwa kidato kinachoanza muhula ujao ni kwamba jina la kwanza kuingizwa katika daftari lao la mazoezi liwe Ng'ang'a, wala si Okello. Mwenye hoja ya kunipinga na amwandikie Mhariri.