Seva ya Somanda iliyoanika vyeti vya watu

Leo mapenzi pembeni, nina habari ya seva. Usifungue ukurasa mwingine, yanakuhusu!

Kuna mshikaji wangu ana steshenari pale Somanda, Bariadi. Anatoa fotokopi, anaskani vyeti, anawatumia watu maombi ya kazi. Akataka kwenda na wakati. Akakodi seva, akaweka Apache, skani zote za wateja akazitia folda moja ili kila mtu achukue yake kwa simu. Mambo yakawa poa.

Siku moja dada mmoja akafungua anwani ya cheti chake, kidole kikateleza, akafuta jina la faili ikabaki folda tupu. Mama yangu! Orodha nzima ikamwagika: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, barua za kuacha kazi. Hata ya shemeji yake ilikuwamo, na nyumbani hajasema!

Mshikaji anaapa hakugusa kitu. Ni kweli, na hapo ndipo alipokosea. Faili ya mipangilio inayokuja na Apache ina neno Indexes kwenye folda kuu ya tovuti. Maana yake, folda ikikosa ukurasa wa mwanzo, vilivyomo vyote huonyeshwa. Nginx, iliyotoka 2004, huficha mpaka uiamuru. Tena ni kali, mzigo unaozidi megabaiti 1 haipokei hadi uiruhusu. Watu huilaani, mimi naipenda hivyo hivyo. Ikigoma utauliza, ikikubali kimya kimya utajulia wapi?

Maana tusidanganyane, wengi wetu tunabofya "endelea, endelea" mpaka mwisho. Mwaka 2016 Mirai iliteka kamera na ruta kibao duniani kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani. Na hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. "Ilikuja hivyo hivyo" sidhani kama ni utetezi.

Mshikaji amefuta neno Indexes, akawasha seva upya. Nikamwambia bado, anayebahatisha jina la faili ataipata tu. Basi vyeti amevitoa kabisa kwenye folda ya tovuti, kila mteja na paswedi yake.

Yule dada hajarudi dukani. Shemeji ndiye aliyekuja, na hakuja kuskani.