MGENI AJIBIWE KWA KISWAHILI

Wasomaji wenzangu, nina neno. Mwaka 1961 vijana wa Peace Corps kutoka Marekani walifika Tanganyika mara ya kwanza, wapimaji ardhi, wahandisi na wanajiolojia, wakafunzwa Kiswahili Tengeru. Baada yao wengi wamekuja kujitolea kwa miaka miwili, wengine kufundisha shule kama zetu.

Mgeni wa namna hiyo akisema "kitabu yangu", wako wanafunzi wanaocheka, kisha humjibu kwa Kiingereza ili waonekane wasomi. Huo si ukarimu hata kidogo. Sisi tulalao bwenini twaijua hamu ya kwetu: Jumapili jioni, ugali umekwisha, upepo wavuma kutoka milimani, nawe wawaza mama anafanya nini. Tena sisi likizo i karibu; kwao yeye ni ng'ambo ya bahari.

Mimi natoka Pangani. Nilipofika Mpwapwa sikujua kuitikia "Mbukwenyi". Mama mmoja muuza karanga sokoni alinirudia salamu hiyo ya Kigogo mara tatu, bila kucheka, hata nikaiweza. Siku ile hamu ilipungua kuliko siku niliyoletewa kifurushi cha nyumbani.

Basi mgeni akiuliza njia ya stendi, mwelekezeni kwa Kiswahili, polepole, hata akiuliza mara mbili.

Mwanafunzi, Kidato cha IV