Mgonjwa Apewe Pa Kulala

Kila ikizungumzwa habari ya kifua Turkana, jibu ni lile lile: hatuna madaktari bingwa wa mapafu wa kutosha. Ni kweli, tunawahitaji. Lakini tumewageuza kisingizio.

Kazi ya bingwa ni kutenganisha. Mama aliyevuta moshi wa kuni miaka thelathini, mtoto mwenye pumu, mzee aliyejaa maji kifuani, mchungaji mwenye uvimbe wa minyoo ya mbwa, maradhi yanayojulikana sana Turkana: wote watafika wakikohoa, na huenda hakuna hata mmoja mwenye kifua kikuu. Hapo ndipo panapotakiwa jicho la kusoma eksrei na mkono wa kutoa maji kwa sindano. Kwa ajili hiyo, safari ya kilomita 120 hivi kutoka Kakuma hadi Lodwar, au hata ya Eldoret, ina maana.

Kifua kikuu cha kawaida hakimngoji bingwa. Makohozi yakiingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, jibu hutoka kwa saa mbili hivi. Dawa ni za bure. Matibabu ni miezi sita: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili.

Tunajikwaa mwezi wa pili. Kikohozi kimekoma, homa imeondoka, nguvu zimerudi. Mifugo nayo imehama kufuata majani. Mgonjwa anawafuata mbuzi wake, vidonge anaviacha. Akirudi, huenda vidudu vimeshazoea dawa, na sasa kweli anahitaji bingwa. Kumbe kazi ya bingwa tunaiongeza wenyewe!

Njia ya kuzuia haya inajulikana tangu 1976. Huko Wajir, Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria wala si udaktari, aliwaweka wafugaji kwenye manyatta karibu na matibabu. Walimeza dawa mbele ya mhudumu hadi wakamaliza. Kibanda, mkeka, chakula, na mtu wa kuhesabu vidonge. Basi.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Lodwar na Kakuma, penye manyatta pawe na chakula. Pasipo nayo, ijengwe. Milango iwe wazi kwa mwenyeji na mkimbizi, kwa maana kikohozi hakiulizi kitambulisho. Na ukoo nao ukubali kumchungia mgonjwa mbuzi zake kwa miezi sita. Ndugu ni wa kazi gani, kama si hiyo?

Anayedai bingwa aanze kwa kumpa mgonjwa pa kulala. La sivyo, bingwa atakuja na kuwakuta watu wale wale mlangoni, wakiugua ugonjwa ambao ungekwisha kwa mkeka na uji.