Mtihani wa kazi za serikali: tusiendelee kujidanganya

Ndugu wazazi na vijana wa Jinja na Mbale,

Kila tangazo la kazi za serikali linapotoka, misikitini kwetu husikika maneno yale yale: "Hizo kazi zina wenyewe." Anayasema mzee barazani, mama anayarudia jikoni, na kijana aliyemaliza digrii yake anayapokea kama fatwa. Mtihani ukifika anakwenda mikono mitupu. Akianguka, wote tunasema: si tuliwaambia?

Sisi tunasema maneno haya yanatumaliza, na wakati umefika wa kuyakataa hadharani.

Hatukatai kuwa historia ilitubana. Zama za Mwingereza makarani na machifu walitoka katika shule za misheni. Hapa kwetu zilikuwa Mwiri kwa upande wa Busoga na Nabumali kwa upande wa Mbale, zote za Kanisa la Anglikana. Wazee wetu wengi waliogopa watoto wao kubadilishwa dini, wakawaweka madrasa, na baadaye wakawatuma kwenye bucha, magari na maduka. Hofu ile ilikuwa na sababu zake. Lakini mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974 uliamua kujenga vyuo vikuu viwili Afrika, kimoja Niger na kingine Uganda, na mwaka 1988 hiki cha kwetu kikafunguliwa papa hapa Mbale. Ni zaidi ya miaka 35 sasa. Kijana anayetoka pale na digrii yake leo, je, naye tumwambie kwamba kilichomzuia ni Mwingereza?

Tuangalie kazi zenyewe zinavyopatikana. Katiba ya mwaka 1995 iliweka Tume ya Utumishi wa Umma, na katika kila wilaya ikaweka tume ya utumishi ya wilaya yenye mamlaka ya kuajiri watumishi wa wilaya hiyo. Tume ya taifa inapoajiri wahitimu wa vyuo vikuu huwapa kwanza mtihani wa maandishi wa kupima uwezo, na wanaofaulu ndio wanaoitwa kwenye usaili wa ana kwa ana. Mtihani ule hauulizi baba yako ni nani, wala haukuulizi uliyokariri chuoni. Unapima hesabu, ufahamu wa Kiingereza na uwezo wa kufikiri haraka, na saa inakwenda.

Chukua swali kama hili: mfuko wa saruji uliuzwa shilingi 32,000, bei ikapanda kwa asilimia 15, sasa ni ngapi? Mtoto wa duka la Jinja anajibu 36,800 kabla hujamaliza kuuliza. Ameyafanya tangu akiwa na miaka kumi, amekaa juu ya gunia la mchele! Lakini mwandikie swali hilo hilo kwa Kiingereza kirefu cha mistari minne, mpe dakika moja, mkalishe kati ya mamia ya watu wasiomjua, na mkono utaanza kutetemeka. Akili anayo. Alichokosa ni mazoezi, na mazoezi si ghali.

Kilicho ghali ni kile tunachokinunua badala yake. Tumeona familia ikiuza ng'ombe na kipande cha shamba ili kumpa mtu wa kati aliyedai "anamjua mkubwa". Mtu huyo akazima simu. Hata kama asingeizima, dini yetu imemlaani mtoaji wa rushwa pamoja na mpokeaji, na Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inaweza kukufunga hadi miaka 10. Mzazi anayeswali safu ya mbele kisha akabeba bahasha usiku anamfundisha nini mwanawe?

Tunajua jibu litakalokuja: "Lakini kazi zinauzwa kweli." Ndiyo, wapo wanaoziuza, na malalamiko juu ya tume za wilaya yamekuwa yakifika kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Lakini mwizi wa nafasi anampenda sana kijana asiyejiandaa. Humwambia tu, "Umeanguka," na ni kweli ameanguka. Aliyefaulu vizuri ndiye anayemtia mashaka, kwa sababu huyo ana la kulalamikia. (Na kalalamike kwa maandishi. Barazani hakuna faili.)

Jambo jingine linalotuudhi ni mabinti. Wanamaliza chuo na matokeo mazuri, kisha tangazo likitoka tunawaambia wasubiri ndoa kwanza. Hospitali tunataka muuguzi mwanamke awahudumie wake zetu, ofisi ya wilaya tunataka mtu wa kutuelewa. Atatoka nyumba ya nani?

Chuo cha Utumishi wa Umma kipo Jinja. Watoto wetu wanapita mbele yake kila siku. Wanaosoma mle ni watumishi waliokwisha kuingia kazini, na kuingia kwenyewe kunaanzia kwenye karatasi ile ya mtihani.

Kwa hiyo tunawaomba maimamu na kamati za misikiti ya miji hii miwili kitu kimoja. Madrasa zina mabenchi na ubao, na Jumamosi alasiri nyingi huwa tupu. Wekeni saa mbili za mazoezi, wavulana na wasichana, saa ya ukutani ikionekana na wote. Walimu wa hesabu na Kiingereza tunao katika jamaa zetu. Fedha za karatasi na kalamu zinaweza kutoka kwenye bajeti ya sherehe moja tu ya harusi, ile ya hema la pili na spika za kukodi. Na tangazo la kazi likitoka, lisomwe baada ya swala ya Ijumaa pamoja na tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi, maana wengi wetu hulisikia likiwa limeshapita.