Baraza ya Nyumbani: Marafiki wa Mwalimu

Watu wakimtaja mwalimu mkuu wa dini, hudhani kwamba mawazo yake yote yalimtoka yeye mwenyewe, kama maji yatokavyo mwambani. Sivyo. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwezi huu na tumtazame Martin Luther wa Ujerumani, tuone jinsi rafiki na wafuasi walivyoshiriki kazi yake.

Mwaka 1518 kijana wa miaka 21, jina lake Philipp Melanchthon, alifika katika chuo cha Wittenberg kufundisha Kiyunani. Luther alikuwa amemzidi miaka 13, walakini hakuona haya kujifunza kwake. Tabia zao zilikuwa mbalimbali: Luther mkali kama moto, Melanchthon mpole, mwenye kupima neno kabla ya kulitamka.

Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, alitafsiri Agano Jipya kwa muda wa majuma kumi na moja hivi. Lakini hakulipeleka chapani vivyo hivyo. Aliporudi Wittenberg, Machi 1522, aliketi na Melanchthon wakalisahihisha, ndipo likapigwa chapa mwezi wa Septemba. Hata walipofika katika Kitabu cha Ayubu, pamoja na Aurogallus, mwalimu wa Kiebrania, Luther asimulia kwamba mara nyingine siku nne ziliwapita wasipate kumaliza mistari mitatu. Twaitaja Biblia ile kwa jina la mtu mmoja; kumbe ni jasho la wengi.

Mwaka 1530 Kaizari aliwaita watawala wa Ujerumani huko Augsburg, waeleze imani yao. Luther hakuweza kwenda, maana tangu 1521 alikuwa amehukumiwa na Kaizari. Basi Melanchthon ndiye aliyeliandika Ungamo. Luther alilisoma, akakubali, akakiri kwamba yeye asingeweza kusema kwa upole namna ile. Hivyo maneno ambayo Walutheri huyashika hata leo yalitoka katika kalamu ya rafiki.

Tena wako wafuasi. Tangu 1531 wanafunzi na wageni waliokula mezani pa Luther waliandika aliyoyasema: mafundisho, mizaha, hata maneno ya hasira na ya ugonjwa. Mwaka 1566, miaka 20 baada ya kufa kwake, Aurifaber aliyatoa katika kitabu. Mwenyewe hakupata kukisoma wala kukisahihisha. Tumepata hazina, ila neno la mzaha limelala karibu na neno la imani, na msomaji hana budi kupambanua.

Mwaka 1522 Luther alikuwa amewasihi watu wasijiite kwa jina lake. Hawakumsikia. Alipokufa, 1546, wafuasi waligombana nani amshikaye barabara. Wengine walimshitaki Melanchthon kuwa amemsaliti, yeye aliyefanya kazi pamoja naye miaka 28! Karibu na kufa kwake, 1560, Melanchthon aliandika katika karatasi sababu za kutoogopa mauti. Mojawapo ni kwamba ataokoka na ghadhabu ya wanatheolojia. Alizikwa katika kanisa lile lile alimozikwa Luther. Mapatano ya wafuasi yalipatikana mwaka 1577, wote wawili wakiwa kaburini.

Ninyi walimu, na ninyi wenye nyumba, jambo hili latuhusu. Mara ngapi twasikia barazani: «Marehemu mchungaji alisema hivi,» na mwingine: «La, alisema vile,» hata ndugu wawili wakaacha kusalimiana? Marehemu hawezi kuinuka aseme, «Siku ile nilikuwa nimechoka.» Sisi ndio tulioshika ulimi wake. Tukilichukua neno alilolisema kwa hasira tukaliacha lile alilolisema kwa machozi, tumemzika mara ya pili.

Na mwalimu akiwa hai, je, yuko nani nyumbani mwake awezaye kumwambia, «Mwalimu, neno hili halijakaa sawa»? Wanaomsifu ni wengi. Mwenye kuketi naye siku nne juu ya mistari mitatu ni adimu. Mkiwa naye mtu huyo, mpeni kiti, hata akiwa kijana.

Kwaherini hata mwezi ujao.